Kifuniko Chenye Rangi Mbichi

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawaomba usikivu, tumsome mtu wetu kama alivyoishi, bila kupunguza.

Fundi Kipimo alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la reli alikolinda baba yake, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na tarehe 30 Novemba 1978 akapata cheti cha useremala.

Tarehe 11 Januari 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao, kwenye msumeno wa duara, na huko ndiko alikopewa jina la Kipimo, kwa kuwa hakupasua ubao kabla ya kuupima mara mbili, na hata nyumbani wanawe walimtania kwamba baba anakata mkate kwa rula. Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa mshonaji wa mtaa wa pili, wakajaliwa watoto watatu, mnaowaona hapa mbele.

Jumanne tarehe 17 Septemba 2013, saa nne na robo asubuhi, msumeno uliokaa miezi saba bila kifuniko ulimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Alikuwa amelalamika mara tatu, kwa mdomo, mbele ya msimamizi peke yake, kwa hiyo kiwanda kiliposhtakiwa kilijibu kwamba kifuniko kilikuwepo siku zote, ila fundi alikitoa mwenyewe kwa haraka zake.

Tarehe 22 Mei 2017 hakimu alifika kiwandani kujionea, akakuta kifuniko cha kijani kimefungwa barabara, akakigusa, akaomba kitambaa ajifute. Marehemu, aliyesimama nyuma ya wakili wake, alisema kwa adabu, "Mheshimiwa, tazama kidole chako." Aliambiwa asubiri zamu yake, na zamu haikufika. Hukumu ya tarehe 9 Novemba 2018 ilisema mdai ameshindwa kuthibitisha madai, na kwamba aliumia kwa uzembe wake mwenyewe.

Neno hilo, uzembe, lilimla kuliko msumeno. Alikata rufaa ili lifutwe, faili likapotea mara mbili, na tarehe 19 Agosti 2024 kiharusi kikamnyang'anya kauli. Mpiga rangi wa kiwanda, rafiki yake wa ujana, ambaye mahakama ilimwita mara mbili akawa safarini mara zote mbili, alikuja kila Ijumaa kumnyoa ndevu, na Ijumaa tarehe 10 Januari 2025, wembe mkononi, akamwambia mke wa marehemu, "Shemeji, ile rangi niliipaka mimi, asubuhi ileile aliyokuja hakimu." Marehemu alisikia, akafumba macho, machozi yakachanganyika na sabuni.

Wakili aliyapeleka maneno hayo mahakamani, na majaji wa rufaa wamekubali kumsikiliza mpiga rangi Jumanne ijayo, tarehe 18 Februari. Yeye hajasema kama atafika, amebakiza miaka miwili astaafu. Marehemu hakuisubiri siku hiyo, alifariki Jumamosi tarehe 8, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wafanyakazi wenzake, ambao wengi wao hawakuona kitu. Tunakishukuru kiwanda kwa mbao za jeneza, tumezipima, zinatosha. Tunamshukuru mpiga rangi kwa zile ndevu, na kwa kulibeba jeneza asubuhi ya leo, na tunamwambia mbele yenu kwamba Jumanne saa tatu, ukumbi namba mbili, mjane atamwekea nafasi kando yake.

Pumzika kwa amani, Fundi, na haki uliyonyimwa tutaifuatilia sisi.