Maximilla Khalayi, Aliyekataa Kuachishwa Dawa

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, wakwe na mashemeji, majirani wa Lubao na ninyi mliotoka mbali, familia imenituma niwasomee maisha ya Maximilla Khalayi, mke wa Barnaba Were, na kabla hajatuacha alitoa amri mbili kuhusu karatasi hii, ya kwanza, isiandikwe popote kwamba aliugua kwa muda mrefu, kana kwamba ugonjwa wake haukuwa na jina, na ya pili, isiandikwe kwamba alishindwa vita. Aliugua saratani ya matiti. Nimeitaja, sasa tuendelee.

Marehemu alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, kijijini Buyangu, kando ya msitu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Osundwa na marehemu Mama Naliaka, na mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alianza kulia kabla mkunga hajamgusa, jambo ambalo sisi tuliomfahamu hatuna sababu ya kulipinga. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981 na kufaulu, akaingia sekondari Januari 1982, lakini baba yake alipofariki mwaka uliofuata aliacha masomo akiwa kidato cha pili, akaajiriwa katika kitalu cha miche pale msituni, akipanda, akinyunyiza maji na kupalilia hadi alipoolewa.

Mume wake alimpata barabarani. Barnaba Were alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa, na siku moja ya mvua mwaka 1988 trekta lilikwama matopeni karibu na kitalu, akawa anakanyaga mafuta na magurudumu yanazidi kuchimba, ndipo msichana aliyeshika jembe akasimama ukingoni na kumwambia, "Wacha kukanyaga, unajizika mwenyewe," kisha akaweka matawi chini ya magurudumu na trekta likatoka. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1989, na Mungu akawajalia watoto watatu, Christine aliyezaliwa 1990, Bravin 1994 na Winrose 1999, na kutoka hapo dunia ikamjua kwa jina la Mama Christine.

Mwaka 1993 alianza biashara ya kuku wa kienyeji sokoni Lubao, kwa tenga moja lenye majogoo watatu, akaikuza pamoja na jirani yake Awinja mpaka mahoteli ya mjini Kakamega yakawa yanatuma watu kwake, na wengi mliopo hapa mmewahi kumwona akimpuliza kuku manyoya ya kifuani ili mnunuzi aone mafuta, huku akitaja bei kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya lami.

Mwezi wa Februari 2018, akiwa anaoga, alishika kitu kigumu kama punje ya njugu katika titi la kushoto, na kwa kuwa hakikumuuma alikiacha, hadi Christine alipokuja nyumbani Aprili, akaambiwa juujuu kama habari ya kuku aliyepotea, naye hakulala tena nyumbani hapo bila mama yake kuwa amepelekwa kupimwa. Majibu yalitoka, titi likaondolewa Jumanne, tarehe 12 Juni 2018, na Jumatatu, tarehe 9 Julai, alianza kemo, dawa ya saratani ya kutiwa mshipani, hospitalini Eldoret, akiwa amepangiwa awamu nane, kila baada ya wiki tatu.

Familia imetakiwa isilipite jambo hili harakaharaka, kwa hiyo nitalisema jinsi lilivyokuwa. Dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu kama sharubati, na alipokwenda chooni mkojo nao ukatoka mwekundu, akadhani anatokwa na damu ijapokuwa muuguzi, Sista Jepkemboi, alikuwa amemtahadharisha. Alitapika njiani ndani ya ndoo yenye kifuniko, akatapika nyumbani, akatapika hata maji. Kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya msumari. Wageni, kwa desturi yetu njema, walikuja kumpa pole wakiwa na ingokho, yaani kuku, mkononi, wakaichinja na kuichemsha, na yule mwanamke aliyeishi kwa kuku miaka ishirini na mitano akawa anakimbilia nyuma ya nyumba kila mvuke wa mchuzi unapomfikia, mpaka akaweka sheria kwamba anayeleta kuku ampeleke kwa Awinja, na anayetaka kumwona yeye alete ndimu.

Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, hakungoja. Alivuka barabara, akaketi kwenye foleni ya wanaume kwa kinyozi wa Lubao, na zamu yake ilipofika kijana wa watu akashika mashine akasita, akamuuliza, "Mama, nikuachie ngapi?"

"Usiniachie kitu," akamjibu. "Leo nanyoa mwenyewe. Sitangoja kunyolewa na dawa."

Alirudi sokoni kichwa wazi, na waliotaka kumtazama akawapa nafasi ya kumtazama. Kina mama wa kanisa walimletea wigi, akawashukuru kwa moyo mmoja, akalivaa Jumapili moja, likamwasha, akalivua katikati ya mahubiri na kulipakata mapajani kama kifaranga. Sista Jepkemboi alimkataza kushika kuku na kinyesi chao kwa kuwa kinga ya mwili ilikuwa chini, naye alibishana sana, kisha akakubali, akaweka kiti chake ng'ambo ya barabara na kuuza kwa mdomo huku Awinja akishika kuku, na vidonda vilipomjaa mdomoni hata mate yakawa moto, akasukutua kwa maji ya chumvi, akanywa uji wa wimbi uliopoa, kijiko baada ya kijiko, na kuuza kwa vidole.

Msidhani hakulia. Barnaba anasema alimkuta zaidi ya mara moja ameketi zizini, mgongo umeelekea mlango, akilia bila sauti, na alipotaka kumgusa alimwambia aende kwanza, atakuja akimaliza.

Baada ya awamu ya tatu, Jumapili, tarehe 2 Septemba 2018, homa ilimshika kanisani, meno yakawa yanagongana wakati wa sadaka. Wazee wa kanisa walisimama wamwombee, wakamwekea mikono, naye akainuka kwenye benchi akiwa ameshikilia bega la Barnaba, akasema, "Ombeni gari likiwa linaenda." Alikuwa ameambiwa kwamba mtu wa kemo akipata homa haingojwi nyumbani hata kidogo, na aliyemwambia hakukosea, kwa maana alipofikishwa hospitalini ilionekana damu yake haina askari wa kumtosha kupigana na chochote, akalazwa siku nane, na tulipomwona akirudi, shingo imekuwa nyembamba na macho yameingia ndani, mtu mmoja alisema yatosha.

Huyo alikuwa Mzee Andati, kaka mkubwa wa Barnaba, ambaye yupo nasi hapa na ametoa ruhusa haya yasomwe. Jumamosi, tarehe 15 Septemba, aliita kikao cha boma, akasema ametafuta habari za mtumishi mmoja upande wa Lugari anayeombea wagonjwa na kuwapa maji ya kunywa, na kwamba kemo ikome. Alisema kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa amemzika dada yao miaka ya nyuma na hakutaka kuchimba tena. "Huyu mama alienda hospitali akitembea kwa miguu yake," alisema. "Angalieni vile amerudi. Hii dawa ndiyo inamumaliza, si ugonjwa."

Watu waliitikia kwa vichwa, na Barnaba alikuwa anatazama chini. Mgonjwa hakuwa ameitwa, alidhaniwa amelala, lakini mlango ulifunguka akatoka akiwa na leso kiunoni na kichwa wazi, akavuta kiti mwenyewe, akakiweka katikati ya wanaume, akaketi kwanza ili pumzi imrudie.

"Shemeji," alisema, "nakuheshimu, na najua umenionea huruma. Lakini niulize kitu. Ule uvimbe ulikuwa unaniuma?"

Mzee Andati akasema hajui.

"Haukuwa unauma. Nilikaa nao miezi, nauza kuku, nacheka, na ulikuwa unaniua. Hii dawa inaniuma kila mahali mpaka kwenye ulimi, na niko hapa naongea na wewe. Sasa kati ya hao wawili, adui yangu ni nani?"

"Na ikikuua?"

"Ikiniua mtasema iliniua nikiwa kwa kiti cha dawa, si nikiwa nimejificha. Mtumishi aniombee, sikatai maombi, mimi pia naombanga. Lakini Jumatatu ni siku yangu ya dawa. Anayetaka kunisaidia aje anishikie ndoo."

Ndipo Barnaba, ambaye mnajua si mtu wa maneno, akainua uso na kusema, "Jumatatu nitampeleka mimi," na Mzee Andati akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga, na hakukanyaga boma hilo mpaka mwaka ulipokwisha.

Awamu tano zilizobaki zilikuwa na makali mengine. Kucha zilikuwa nyeusi, nyayo zikawa zinamwaka kama aliyekanyaga majivu ya moto, vidole vikafa ganzi asiweze kufunga kifungo cha gauni, akawa anavaa viatu vya Bravin kwa sababu vyake vilimbana, na uchovu ulimwangusha mpaka kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika katikati. Barnaba alijifunza kupika uji, akaupika vibaya, akaendelea kuupika. Tarehe 10 Desemba 2018 alichomwa sindano ya nane na ya mwisho.

Siku ya mwaka mpya wa 2019, Mzee Andati alikuja na jogoo mkubwa mwekundu, akampa Barnaba bila maelezo, jogoo akachinjwa, na mvuke ulipotoka jikoni wote wakamtazama Mama Christine, wakamwona amefumba macho ananusa, kisha akasema ana njaa. Nyama ilipoandaliwa na obusuma, ugali wetu, Barnaba akamtengea kaka yake firigisi, imondo, kama ilivyo desturi yetu kwamba hiyo ni ya mwanamume mkubwa wa boma, na Mzee Andati akaitazama kwa muda, akaisukuma sahani upande wa shemeji yake, akasema, "Kula wewe." Mama Christine akaila yote, hakumpa mtu.

Miaka iliyofuata aliuza kuku, akamwoza Christine, akamzika mama yake, akapata wajukuu watano, na kila aliposikia kuna mwanamke aliyeanza kemo, iwe Lubao, Buyangu au Chekalini, alifunga safari akamwendea, akavua kitambaa kumwonyesha kwamba nywele hurudi, akamfundisha kula kidogokidogo kabla njaa haijamfikia, kunyonya vipande vya barafu, kutumia mswaki laini, kulala mchana bila kuona aibu, na zaidi ya yote kukimbilia hospitali homa ikipanda. Alimkuta Chemutai wa Chekalini amefungiwa chumba cha nyuma ili wageni wasimwone, akamtoa nje, akaketi naye kwenye jua mbele ya nyumba mpaka jioni, na wenye nyumba wakazoea.

Agosti 2024 mgongo ulianza kumuuma, na vipimo vikaonyesha kwamba saratani imerudi, safari hii katika mifupa na ini. Alianza kemo tena Novemba, akatapika tena, akanyoa tena, na Mei mwaka huu daktari alipomweleza bila kuzunguka kwamba dawa haizuii tena, alikwenda nyumbani akafikiri kwa wiki moja, akaita kikao yeye mwenyewe, akatuambia, "Mara ile mlitaka niache, nikakataa. Leo naacha kwa sababu nimeamua mimi. Msichanganye hizo siku mbili." Mzee Andati ndiye aliyelia. Tangu hapo Mama Christine alipewa dawa za kutuliza maumivu, akatolewa uani kila asubuhi kuota jua karibu na kuku wake, akala alichokitaka na kukataa asichokitaka, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, nyumbani kwake, Barnaba akimlisha uji, alionja kijiko cha pili, akamwambia kwamba miaka saba yote hajajifunza kutia sukari, akageuza kichwa upande wa dirisha, na baada ya muda mfupi akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na Kakamega, hasa Sista Jepkemboi, ambaye amesafiri kuwa nasi leo, inamshukuru Awinja aliyeshika tenga pale mwenzake alipokatazwa kulishika, wafanyabiashara wa Lubao waliofunga soko, majirani walioleta kuni, maji na ndimu, kinyozi aliyekataa malipo mara zote mbili, kanisa, na Mzee Andati aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake pamoja na vijana.

Limebaki agizo moja la marehemu. Alitaka wanawake walio katika matibabu wasiketishwe nyuma, waketi hema la familia, mstari wa mbele, mwenye kitambaa na asiye na kitambaa, nasi tumetii, mmeketi pale. Akaongeza kwamba baadhi yenu mna siku ya dawa Jumatatu, na kwamba asisikie mtu ameikosa kwa kisingizio cha matanga yake.

Maximilla, binti wa Osundwa, maumivu yamekwisha na hakuna kikao cha kukuamulia tena, pumzika kwa amani uliyoichagua wewe mwenyewe.