Kiwanja Kitupu cha Bibi Ruthu

YORAMU: Haloo? Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

BIBI RUTHU: Mwenzako ni mwenye kiwanja kitupu cha Hombolo.

YORAMU: Bibi? Shikamoo, Bibi.

BIBI RUTHU: Iweke hapo. Nitaiitikia siku nyingine.

YORAMU: Kuna msiba?

BIBI RUTHU: Uko njiani. Yoramu, mume wangu, ni wewe huko chuoni uliyetengeneza kitu kinaitwa Kiwanja Chap?

YORAMU: Ndiyo. Umekionaje? Simu yako si ya tochi—

BIBI RUTHU: Nimeonyeshwa. Amekuja mtu ana simu pana kama sinia, anaitwa Mudrick, mfanyabiashara wa Makole. Nimemkuta anavuta kamba ya kupimia kutoka mlangoni kwangu hadi zizini. Nikamuuliza, unapima nini, baba? Akasema, kwa adabu zote, anapima kiwanja kitupu, maana simu imesema hapa hapana nyumba. Mgongo wangu umeegemea ukuta wa nyumba, Yoramu. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaiamini simu.

YORAMU: Bibi, ngoja nikueleze—

BIBI RUTHU: Halafu akanionyesha picha ya mtengenezaji. Amevaa tai ya marehemu babu yako.

YORAMU: (kimya)

BIBI RUTHU: Umekatika wewe au mtandao?

YORAMU: Nipo. Bibi, sikuandika mimi kwamba hapana nyumba. Hizo ni data za jiji. Jiji limeweka wazi taarifa za viwanja vyote, likafungua na mlango wa kuzichukulia, unaitwa API. Programu yangu inabisha hodi, inapewa, inawaonyesha watu. Mimi nachota tu.

BIBI RUTHU: Ukichota maji yenye chura ukamnywesha mgeni, utamwambia kisima si chako?

YORAMU: Hapana, lakini—

BIBI RUTHU: Ulionja kabla ya kugawa?

YORAMU: Viwanja ni maelfu, Bibi.

BIBI RUTHU: Na bibi zako ni maelfu?

YORAMU: (mtandao unakwaruza) ...ramani. Haloo? Nimefungua ramani, nimeelewa. Walipiga picha kwa ndege ndogo, halafu kompyuta ikatambua nyumba kwa mapaa. Ikiona bati linang'aa, inaandika nyumba. Sasa wewe unakaa kwenye tembe. Paa bapa, la udongo, rangi moja na uwanja. Ukitazama toka juu ni udongo juu ya udongo.

BIBI RUTHU: Banda la kuku la jirani yangu Ernest wameliona?

YORAMU: (taratibu) Lina bati, Bibi. Limeandikwa makazi.

BIBI RUTHU: Kuku wa Ernest wana makazi.

YORAMU: Bibi—

BIBI RUTHU: Usiniite. Ulipougua surua ulilala humu, chumba cha ndama, wakakupasha joto mpaka ukapona. Mwaka paa lilipovuja ulipanda mwenyewe na ndoo ya udongo, ukalikanyaga kwa miguu yako. Kompyuta haijui tembe, sawa, haikulelewa huku. Wewe je?

YORAMU: Samahani, Bibi. Nimekitoa kiwanja chako kwenye ukurasa wangu. Sasa hivi. Hakipo tena.

BIBI RUTHU: Kwa hiyo yamekwisha?

YORAMU: Hapana. Wapo wengine wanaochota pale pale. Na Ijumaa jiji linafungua maombi ya viwanja vitupu. Mtu akiomba chako kabla data haijarekebishwa, anaweza kupewa barua ya kumilikishwa. Hapo utaanza kuzunguka mabaraza ya ardhi ukithibitisha kwamba unaishi unapoishi.

BIBI RUTHU: Basi kabishe hodi kwenye huo mlango wako, uwaambie pana nyumba.

YORAMU: Ule ni mlango wa kuchukua tu, haupokei kitu. Marekebisho anatuma mtu aliyesimama pale pale kiwanjani, ana simu kubwa, apige picha nje na ndani. Mimi naingia kwenye mtihani mchana huu. Huyo Mudrick ndiye angefaa, ila najua umeshamfukuza.

BIBI RUTHU: Mgeni hafukuzwi. Nililelewa vizuri.

YORAMU: Yuko wapi?

BIBI RUTHU: Ndani.

YORAMU: Ndani ya nini?

BIBI RUTHU: Ndani ya kiwanja kitupu. Nilimkaribisha apime na huko. Alipoinama kupita mlangoni, nikarudishia, nikaweka komeo.

YORAMU: Umemfungia mtu, Bibi?

BIBI RUTHU: Nimemfungia wapi, na nyumba hakuna? Apite tu ukutani.

YORAMU: Hilo ni kosa. Akienda polisi—

BIBI RUTHU: Aende. Aandikishe kwamba alifungiwa ndani ya nyumba yangu. Nitaomba nakala.

YORAMU: (anakohoa) Anasemaje?

BIBI RUTHU: Mwanzo alifoka kwamba ana heshima zake Makole. Nikamwambia na mimi nilikuwa nazo, mpaka asubuhi ya leo. Sasa amepoa. Nimempitishia uji kwenye tundu la dirisha.

YORAMU: Muulize kama ana bando. Afungue ukurasa wa jiji, sehemu ya marekebisho. Za nje atapiga akitoka. Aanze na za ndani, nguzo, kuta, dari.

BIBI RUTHU: (mbali, anazungumza na mtu) ...Haya, anapiga. Naona mwanga kwenye nyufa. Anasema hakujua ndani ni pana hivi. Nimemwambia apige picha, sifa hazijaombwa.

YORAMU: Fomu inamuuliza nini?

BIBI RUTHU: Aina ya paa. Kuna bati, kuna vigae, kuna nyasi. Udongo haupo.

YORAMU: Achague "nyingine".

BIBI RUTHU: Wagogo wote walizaliwa chini ya nyingine. Sawa. Sasa anaulizwa wakazi wangapi.

YORAMU: Aandike mmoja. Bibi, nasikia simu yako inalia tii tii, salio linakwisha. Nisikilize. Mfungulie apige na za nje, atume, umwache aende zake. Jiji litajibu, labda kesho, labda kesho kutwa—

BIBI RUTHU: Mudrick, baba, andika wawili, mpaka jiji litakapojibu.

YORAMU: Bibi, hapana, mfungu— Haloo? Bibi? Haloo?