Viti vya Mama Fremu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi shemeji yake kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Mama Fremu, naye angekuwapo angeniambia nifupishe watu wasichoke, lakini leo atanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na alipomaliza akaingia karakana ya baba yake kutengeneza fremu za picha, kazi aliyoishi nayo mpaka vidole vikashindwa kushika msumeno. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, karani wa reli, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Mwezi Mei 2009 kaka alihamishiwa mji huu, na hapo, tusifichane, shemeji alinuna kweli kweli, kwa kuwa hakumjua mtu, na kila jioni alimuuliza mumewe swali lile lile, kwamba akifa huku nani atamzika. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na huzuni yake ndani, akawatafuta wachoraji, wafinyanzi na wafumaji, akaomba ghala tupu nyuma ya stesheni, na tarehe 12 Juni 2010 akafungua maonyesho ya sanaa, bure kwa kila mtu, ili apate majirani.

Siku ile alijiponza kwa kupenda unadhifu, maana alitandika zulia jekundu, akafunga utepe mlangoni na kuvaa gauni jeupe, basi watu wakapita kwa mbali wakidhani ni harusi ya wenyewe, wengine wakampungia mkono bibi harusi, naye ana miaka arobaini na tisa. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, yeye alilia.

Kesho yake alikunja zulia, akapita nyumba hadi nyumba kuazima kiti kimoja kimoja, akavipanga mbele ya picha, na jioni hakuvirudisha, akatuma salamu kwamba kila mwenye kiti akifuate. Fundi viatu alikuja amekunja uso, akakikuta kiti chake mbele ya picha ya mikono inayoshona soli, akakaa hapo mpaka tukafunga. Tangu mwaka ule, kila Juni, mmekuja na viti vyenu wenyewe.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na wodini alilirudia swali lake la zamani, kwa utani, au labda haukuwa utani. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2026, kaka akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wa reli, wasanii wote, nanyi majirani. Jana tulikuwa tukihangaika wapi tutakodi viti, tukafungua mlango tukavikuta vimejaa uani, vya mbao, vya plastiki, na kile cha fundi viatu, wala hatukuwa tumemwomba mtu.

Shemeji, uliuliza nani atakuzika, basi ni hawa, wamekaa mbele yako. Pumzika kwa amani, na viti hivi hatuvirudishi, kila mwenye chake atakuja kukifuata.