Mchele Hauna Eda

Wakubwa zangu, shikamooni. Nanyi wa rika langu, poleni na safari, maana wengine mmetoka Kinjumbi na wengine Kisiwani, na lori la kuja Lindi tunalijua sote. Nimeitwa nieleze jinsi duka letu la Mingoyo, linalomilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe, lilivyotuinua nyumbani kwetu tulipoanguka. Nitaeleza. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema, mimi si hodari wa kushuhudia. Nikisikia ushuhuda umeisha safi mno, naanza kujiuliza kilichofichwa ni kipi. Majina sitayataja. Wanaojijua wamekaa humu humu.

Niliporudi kutoka chuo kikuu kule Uganda nilipokewa kwa pilau. Nikapata kazi katika ofisi moja ya serikali. Haikudumu. Niliuliza kwa nini mimi na karani mwenzangu wa Kihindi, meza zetu zinagusana na kazi yetu ni moja, tulipwe tofauti. Mara ya kwanza nilijibiwa kwa tabasamu. Nikauliza tena mbele ya mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam, na baada ya hapo sikuwa na meza. Nikarudi kwa baba yangu na sanduku la vitabu. Watu waliokula ile pilau wakawa wananisalimia kwa huruma, na huruma ya Mingoyo nyie mnaijua, inakufuata mpaka kisimani.

Baba alikuwa mpimaji wa duka hilo, msimamizi wa mizani. Tajiri mwenye duka alipoamua kurudi kwao, wafanyakazi wake wanne, baba akiwemo, waliunganisha kiinua mgongo chao wakalinunua duka. Mkubwa wao alikuwa fundi cherehani wa barazani, tumwite Fundi. Mwingine alikuwa muuzaji wa kaunta. Wakapatana hivi: mwaka wao wa kazi uanze mfunguo mosi, Ramadhani ikishaisha, na mkesha wa Idi faida igawanywe sawa kwa sawa. Juu ya hapo kila mmoja apate kitambaa cha kanzu na doti ya kanga kwa mkewe, na akiugua alipwe kama aliyesimama kazini. Sikuwahi kusikia mpango kama ule, hata vitabuni. Lakini walikuwa na kanuni moja kali: asiyefanya kazi dukani hana gawio. Baba ndiye aliyeishikilia kanuni hiyo kuliko wote, kwa sababu alimwona mpwa wa tajiri akikaa kitini mwaka mzima anakunywa sharubati, kisha anaondoka na faida ya jasho lao.

Mimi, kwa tabia yangu ya kuudhi watu, nilimwuliza, "Na ukifa?"

"Nikifa kanzu ya nini?" Tukacheka wote wawili.

Alifariki mwezi wa Shaabani, pale pale kwenye mizani, mkono juu ya gunia la chumvi. Duka lilitoa sanda na chakula cha msiba, na sina neno juu ya hilo. Baada ya maziko Fundi na wenzake walikuja chini ya turubai, wakakaa mkekani, wakaniambia kwa adabu kubwa kwamba Idi ile hatungekuwa na gawio. Fundi alinishika goti. "Mwanangu, kanuni ni ya baba yako mwenyewe."

Ndugu zangu, mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa na swali. Niliigeuza ile kanuni kichwani nikitafuta tundu, sikuliona. Ilikuwa ya haki. Na kwa haki hiyo hiyo mama yangu aliyekuwa ndani na eda yake angeingia Ramadhani bila kitu, na mdogo wangu wa kike angeacha shule. Sikuwa na kazi ya kumsaidia. Nilianza kuichukia haki yenyewe, na kijana akifika hapo amefika pabaya.

Ikaja siku ya kuanua matanga. Sisi ni Wamwera, na watani wetu ni Wangindo. Nyie mnajua, kwenye msiba mtani husema yale ambayo ndugu hawathubutu, na hapana ruhusa ya kumkasirikia. Mtani wa baba alikuwa mkulima wa tumbaku nyuma ya njia panda. Asubuhi ile alivaa kofia ya baba na aproni yake ya kaki, akatoka nyumbani kuelekea dukani kwa mwendo wa baba, bega moja chini. Watu wote wa msibani tukamfuata. Akaingia nyuma ya kaunta, akaipuliza mizani vumbi litoke, akaugusa mshale wake kwa kucha, ulimi nje kidogo, baba mwenyewe. Shangazi zangu walicheka huku wakilia.

Muuzaji alitaka kumtoa. Fundi akamwambia amwache, duka ni la marehemu pia. Mimi nikaona aibu, nikajitosa na elimu yangu. Nikamweleza kwamba hapa si nyumbani kwa marehemu, hili ni shirika, na shirika kisheria ni mtu mwingine kabisa.

Akanitazama kutoka chini ya ile kofia. "Huyo mtu yuko wapi nimsalimie? Kuzika alikuja?"

Nilichekwa na mji mzima. Kisha akamgeukia Fundi, na sauti ikawa ya baba.

"Fundi, nimesimama hapa tangu mfunguo mosi. Idi niliyoifanyia kazi ndiyo hii inayokuja."

Fundi alimjibu kama anayejibu marehemu, macho chini. "Ndugu yangu, wewe ndiye uliyesema asiyefanya kazi asipewe."

"Nilisema. Mimi sikufanya? Na mchele wenu alikuwa anauchambua nani?"

Mchele wetu ulisifika mpaka Lindi kwamba hauna hata jiwe. Kila jioni baba alibeba mchele nyumbani, na mama akakaa na ungo akichambua mpaka mchana wa kesho yake. Hapana aliyewahi kuiita kazi. Si Fundi, si mimi na shahada yangu, na baba mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi.

Muuzaji alijaribu mara ya mwisho. Akasema hata hivyo mama yuko eda, hawezi kuja dukani.

"Mchele hauna eda," mtani akasema. "Mpelekeeni."

Fundi alikaa juu ya gunia, akavua kofia yake akaishika mapajani. Alipoinuka alimwambia muuzaji abebe mchele aupeleke kwa mama, naye ahesabiwe mfanyakazi kama wengine. Mkesha wa Idi gawio la baba lilikuja lote, na la mama la mwezi na kitu alioufanyia kazi likawa mbali. Kanga pia ilikuja. Kwa kuwa alikuwa eda hakuivaa, aliiweka sandukuni. Mimi nilipewa kazi ya baba ya mizani. Mdogo wangu yuko shule, hapa hapa mjini.

Nilipompelekea mama habari nilitegemea angefurahi. Alisema tu, "Miaka yote ile ungo niko nao, na yeye akinipita anakwenda kuswali." Sikujua kama anashukuru au anamlaumu marehemu. Mpaka leo sijui.

Namshukuru Fundi, aliyekubali kuaibishwa mbele ya wateja wake na bado akatenda. Namshukuru muuzaji, ambaye sasa ananigombeza kila siku kama mdogo wake. Namshukuru mtani, ingawa kofia ya baba hajairudisha na hana nia. Nanyi mnaotaka kuanzisha duka kama letu huko kwenu, kabla ya kuandika nani ni mfanyakazi, piteni kwanza majumbani mwenu mwangalie nani ameshika ungo.

Ningeishia hapo ingeisha safi. Lakini wiki iliyopita mtani alikuja, kofia kichwani, na wala hapakuwa na msiba. Akakaa juu ya kaunta, akawatazama vibarua tunaowachukua kwa kutwa msimu wa korosho, bila gawio, wakipandisha magunia yetu kwenye lori. Kisha akaniuliza, "Na hawa, mtani wao nani?"

Nimekuja nalo hapa swali hilo, ndugu zangu. Sitaki nirudi nalo Mingoyo peke yangu.