Akiba ya Marlys Tvedt Iliyofurika

Miaka ishirini na tisa si mchezo. Tarehe 30 Aprili, Bi. Marlys Tvedt anastaafu kutoka ofisi yetu ya kuandaa hesabu za kodi hapa mjini Bemidji, na sisi tunaobaki hatujui ni nani sasa atakayewagombeza wateja.

Kwa kugombeza, Marlys hana mpinzani. Kila masika huja watu waliojaza akaunti zao za uzeeni kupita kiwango cha sheria, tena wanajisifu. Marlys huwaketisha, huwamiminia kahawa, kisha huwapa vidonge vyao: ziada itoke pamoja na faida yake kabla ya siku ya mwisho ya kodi, la sivyo watatozwa faini kila mwaka mpaka itoke. Mzee Orville Haugen, muuza chambo, aligoma akidai kuigusa pesa ya uzeeni ni mkosi. Marlys alimfuata ziwani, mpaka kwenye kibanda chake cha kuvulia juu ya barafu. “Mzee, mkosi ni huu unaoulipia kila mwaka!” Orville alisaini palepale, samaki akimponyoka.

Sasa sikieni ya mwaka huu. Kwetu hakuna anayejiandalia kodi yake mwenyewe, tunabadilishana. Ya Marlys ilimwangukia mwenzetu Duane. Mwaka jana Marlys alipunguza kazi sana, akawa anashinda mji wa Fargo akimuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Benki nayo iliendelea kumkata pesa kila mwezi na kuzipeleka kwenye akaunti yake ya uzeeni, kama alivyoiagiza zamani. Sheria hairuhusu kuweka zaidi ya ulichopata kwa kazi. Marlys alikuwa ameweka zaidi. Marlys! Na siku ya mwisho ya kodi ilikuwa wiki ileile Duane alipogundua.

Duane aliogopa kumwambia. Asubuhi nzima alikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, akamaliza, akahamia magari yetu. Alipothubutu kusema, Marlys alimcheka: “Kanywe kahawa, mwanangu, bado hujaamka.” Kisha akakagua mwenyewe. Akaona kweli imezidi. Halafu akahamia kiti cha wateja, akajigombeza kwa sauti, neno kwa neno, bila kujihurumia.

Benki walimwambia asubiri wiki mbili ndipo waitoe ziada hiyo. Aibu angeimeza, lakini faini ingemla kila mwaka, na dada bado ni wa kushikwa mkono. Basi akaoka trei ya keki za rubabu, mmea wa mabua machachu, akaenda kuketi mbele ya meza ya meneja tangu milango ilipofunguliwa, akimlisha na kumgombeza kwa zamu. Meneja alivumilia mpaka saa sita. Ziada ikatoka, siku moja kabla ya siku ya mwisho.

Tulipomshangilia, machozi yalimlengalenga. “Jamani,” akasema, “nimeweka akiba ya uzee mpaka nikasahau kwamba uzee wenyewe umeshafika.” Tulicheka mpaka Duane akaanza kulia.

Asante, Marlys, kwa kutugombeza sote tukanyooka. Hiyo ziada usiipeleke popote tena. Mchukue dada yako, mkaile. Maisha mema, mama.