Filamu ya Kwetu Jangwani

FUNDI: Haloo? Ni nani?

DADA: Mimi dada yako. Natumia simu ya mwenzangu wa kazini, yangu imezima.

FUNDI: Dada! Shikamoo! Sema kwa nguvu, upepo huku na mchanga wake—

DADA: Marahaba. Nimetoka sinema sasa hivi. Nimeiona ile filamu waliyokuja kuipiga huko kwetu.

FUNDI: Na sisi tunaonyeshwa leo! Shuka jeupe limetundikwa ukutani shuleni, jenereta nimeifunga mwenyewe. Giza likiingia tu, nawasha. Vipi, tumetoka?

DADA: Mbuzi wametoka kuliko watu.

FUNDI: [anacheka] Wale hawaogopi kamera.

DADA: Kisima wamekionyesha kikavu, eti kijiji kimekufa chote—

FUNDI: Walikifunika mbao! Nilizibeba mimi.

DADA: Sikiliza. Nimemwona mama.

FUNDI: Umemwona?

DADA: Kafungwa sanda, mmembeba, wewe umeshika mbele. Nikapiga yowe mle ndani mpaka watu wakanimulika tochi. Mazishi yake sikuwahi, halafu leo—

FUNDI: Yale yalikuwa maigizo, dada. Alikuwa mzima kabisa. Mwigizaji wao alikataa kulala kwenye mchanga wa moto, mama akasema, "Leteni hilo shuka, mimi na mchanga huu tunajuana."

DADA: Mbona hamkuniambia?

FUNDI: Alitaka uione mwenyewe, ushtuke, umpigie simu umgombeze. Halafu... [mtandao unakwaruza] ...ndiyo akatutoka.

DADA: Baba asiione.

FUNDI: Amekaa mbele kabisa tangu alasiri. Kavaa shati safi.

DADA: Mwondoe!

FUNDI: Ya sanda anajua, alikuwepo. Anasubiri ile ya baadaye. Mama kafumbua macho, kaangua kicheko, shuka likamfunguka kichwani, hata mpiga picha akacheka. Si unajua hatuna picha yake hata moja? Mzee anasema leo atamwona akicheka. Pale pametoka vizuri?

DADA: Hapakutoka.

FUNDI: Walipiga! Nilikuwa nimesimama pale pale—

DADA: Wanapiga mengi, mdogo wangu, kisha wanakata. Wanamfukia, basi. Inakuja habari nyingine.

FUNDI: Wanamfukia tu?

DADA: Ndiyo.

[sauti nyuma: "Fundi, washa bwana! Giza hilo!"]

FUNDI: Nakuja, jamani! ...Dada, na baba naye ananipungia mkono niwashe.

DADA: Sema jenereta imeharibika.

FUNDI: Atanisoma usoni. Tena kesho wataleta fundi mwingine, na baba ataiona bila mimi.

DADA: Basi kaa naye. Usimwache peke yake— salio la watu linaisha— ikifika pale mshike mkono, umsimulie alivyocheka, msimulie kila—

FUNDI: Mbele ya watu wote hawa? Dada? Haloo?

[simu imekatika]

FUNDI: We jirani, vuta hiyo kamba, iwashe. Baba, sogea kidogo, nikae hapa.