Suud bin Khalfan, Aliyekataa Kusafirisha Hewa

Mliokaa hapa sablani, ukumbi wetu wa wanaume, na mama zetu mliopo ndani, watoto wake tumekubaliana haya yasomwe leo siku ya tatu ya msiba, na yasomwe yalivyo.

Suud bin Khalfan alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1958, akasoma huko mpaka darasa la nane, akaja Muscat na wazee wake mwaka 1973, akamalizia masomo ya jioni, na hata kwenye chumba cha mtihani mguu ulikuwa ukimchezacheza chini ya meza, kukaa kitako hakukujua.

Mwaka 1981 aliingia kampuni ya malori Wadi Kabir, akawa mkadiriaji wa daraja la mizigo, yaani akipima urefu, upana na kimo mpaka pale mzigo unapochomoza, akigawa uzito kwa ujazo, mzigo mwepesi unaojaza lori ukapanda daraja na kulipiwa zaidi, mzito uliojibana ukashuka. Mwaka 1984 alimuoa Bi Kheiria, wakajaaliwa sisi, Sinan na Taghreed, na sote tukifunga sanduku ovyo tukiulizwa, "Mnapeleka nguo au mnapeleka hewa?"

Mwaka 2016 wavuvi wa Yiti walileta madema yao ya waya, mitego ya samaki, kwenda Duqm, makuba matupu, lori limejaa na uzito hamna, daraja la juu kabisa, akalizunguka lori, akaondoka, akarudi, akashindwa kuvumilia, akamwambia mkubwa wao, "Bwana Khalil, fungua vitako vya madema, pachika kuba ndani ya kuba kama bakuli, nami nnakupimia upya."

"Na bosi wako?"

"Bosi hana tepu."

Daraja likashuka, habari zikaenea, na meneja wake, Bwana Muhanna, akamwita, "Ya Suud, wewe unamfanyia kazi nani?", naye akajibu, "Lori." Mwaka 2019 akaondolewa uwanjani, akapelekwa ofisi ya Qurum, AC na kiti cha kuzunguka, akaahidiwa kurudishwa uwanjani akiacha kuwafundisha wateja, aseme khalas, yaani basi, neno moja tu, na uwanja ule aliupenda kuliko nyumba yake, lakini akakataa. Mwaka 2020 akastaafishwa, nafasi yake ya uwanjani akapewa mpwa wa mtu, kijana asiyewahi kushika tepu, na sisi wenye digrii za uchukuzi tumo majumbani, tunatuma CV, kompyuta inatujibu thank you.

Moyo ulimsumbua tangu 2023, daktari akasema apumzike, wallahi yeye akaendesha gari mpaka Yiti kuangalia madema yanavyopakiwa. Kitanda cha wagonjwa kilipoletwa kikakwama mlangoni, wanaume wanatoka jasho, naye kwenye kochi, pumzi hana, akafoka, "Kifungueni kwanza, mnabeba hewa!" Kikaingia, na juu yake alifariki tarehe 18 Februari 2024, baada ya adhuhuri, akazikwa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa Wadi Kabir, na wewe Bwana Muhanna uliyekaa karibu na mlango, kahawa ipo, karibu. Bwana Khalil ametuambia kwamba jana lori la madema limetoka uwanjani kuba ndani ya kuba, na yule kijana amelipima hivyo hivyo, hakuna aliyemkataza.

Tulia sasa, baba. Mola akupanulie kaburi, nafasi hiyo haipimwi na mtu.